Kichwa cha Breki

Mimi ni mwanamume mwenye wivu, na nalisema mapema ili tusizungushane. Nina wajukuu, nywele sina, magoti yanalia nikiinama, na bado nikimwona mwanamume mwingine anamchekesha mke wangu damu inanichemka mpaka masikioni. Watu wanadhani wivu ni ugonjwa wa vijana. Waje kwangu niwaeleze jinsi nilivyomharibu mtu kichwa mchana kweupe, mimi ambaye mtaa mzima unaniita Fundi.

Kazi yangu ni kinyozi. Nina chumba kimoja kando ya barabara, kioo kirefu ukutani na viti viwili: kimoja cha kunyolea, kimoja cha wapiga soga. Nimenyoa watoto wanaorusha mateke, mabwana harusi wanaotetemeka, na walevi wanaosinzia katikati ya wembe. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwangu akifunika kichwa kwa kofia. Hilo naweza kuliapia popote.

Sasa, mke wangu alianguka bafuni akavunjika nyonga. Hospitali wakamtia chuma, wakanirudishia mtu wa kulala chali, na mimi nikafunga kibwebwe. Duka nikawa nafungua asubuhi tu. Nikamwogesha mimi, nikamvisha mimi, nikampikia mimi niliyekuwa sijui hata chumvi inakaa kopo gani. Chai nilimpulizia. Mkate nilimkatia vipande vidogo vidogo. Akitaka kusimama namwambia, kaa mama, nipo. Akigusa kikombe akioshe, namnyang'anya. Mchana tulicheza karata pale kitandani na nilimwachia ashinde kila mchezo, maana mgonjwa ni wa kufurahishwa, au siyo? Majirani wa kike walinisifu mpaka nikavimba kichwa. Naye kila siku alinishukuru kwa sauti ndogo, halafu analala. Alikuwa analala sana. Nikadhani ndiko kupona.

Binti yetu ni mwalimu, na kama walimu wote, akishapata la kusema hana simile. Alikuja likizo, akamtazama mama yake siku mbili, akaenda kuongea na daktari bila kuniaga.

"Baba, mama amenyong'onyea," akaniambia jikoni. "Daktari anasema anahitaji mazoezi, na anahitaji watu."

"Watu? Mimi si mtu?"

"Wewe ni mtu mmoja, Baba."

Upande wa pili wa mji kuna nyumba ya wazee yenye mwalimu wa mazoezi. Tukakubaliana mke wangu akakae huko kwa muda, mimi huku nitengeneze nyumba, halafu siku ya mwisho tukae kitako tuamue: arudi nyumbani alelewe na mimi pamoja na mlezi wa kuajiriwa, au abaki kule kule na wazee wenzake. Hilo la kuamua nililikubali kwa adabu tu. Moyoni nilikwisha kuamua zamani. Nyumba ya wazee ni ya wasio na wenyewe, na mwenyewe wa mke wangu ni mimi.

Basi nikafanya kazi! Nikafunga vyuma vya kushikilia bafuni. Nikakata miguu ya kitanda kikashuka hadi magotini. Nikang'oa kizingiti cha mlango wa chumbani kwa nyundo na patasi, nikasakafia, nikalainisha. Nikatafuta mlezi, nikampata mama mmoja aliyefanya kazi wodini miaka mingi, mikono safi, hana maneno mengi. Nikamketisha kwenye kiti cha wapiga soga nikamhoji kama askari. Alijibu yote bila kubabaika. Kilichobaki ni mgonjwa wangu kurudi.

Nilipokwenda kumtazama mara ya kwanza sikumkuta kitandani. Ni nyumba ndefu ya chini, yenye ukumbi mrefu na mbao za kushikilia pande zote mbili, harufu ya sabuni ya sakafu, televisheni inayojisemea peke yake. Chumba chake kina vitanda viwili, kabati moja na dirisha linalotazama kamba za nguo. Kitanda kimetandikwa, mtu hayupo. Nikatoka mbio za kizee kuelekea veranda ya nyuma, na kabla sijafika nikasikia kicheko.

Nilikijua. Ni kile cha kuziba mdomo kwa kiganja, alichokuwa nacho nilipokuwa namchumbia. Tangu aanguke sikuwahi kukisikia nyumbani.

Ameketi kwenye kiti cha plastiki, karata mkononi, na mbele yake limekaa limwanamume. Nasema limwanamume kwa sababu ni kubwa kweli, tumbo limetangulia mezani, mikono minene ya mtu aliyeshika usukani maisha yake yote. Lilikuwa limeendesha malori, likastaafu, likafiwa na mke, likaja pale kwa hiari yake. Wanaliita Breki. Na nywele! Jitu la umri wangu lina kichwa kizima cha nywele nyeupe, zimesimama, nzito, hata paji halijarudi nyuma. Mimi kinyozi nina upara, dereva wa lori ana nywele. Mungu naye ana mambo yake.

"Fundi!" mke wangu akasema. "Umekuja? Ngoja kidogo, nimalize huyu mwizi."

Ngoja kidogo! Nikasimama na mfuko wangu wa machungwa kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

"Kondakta, cheza basi, abiria wanangoja," Breki likamwambia.

"Kondakta nani?" nikauliza.

"Mkeo huyu. Hakuna karata inayopanda wala kushuka bila yeye kuiona."

Nikacheka kwa meno tu. Mimi huyu mwanamke nimeishi naye tangu tukiwa hatuna hata godoro, na jina la utani sikuwahi kumpa. Leo jitu limemjua juzi linampa jina, naye anaitika! Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasema peke yangu. Abiria aliyekaa karibu nami akahama kiti.

Toka siku hiyo kila nikienda ni Breki. Breki kasema hivi, Breki kaangusha miwani kwenye uji, Breki anakoroma mpaka ukumbi wa wanawake unasikia. Nikimwambia mke wangu nimeng'oa kizingiti, anasema vizuri, halafu anarudi kwa Breki. Nikimwambia mlezi amepatikana, anatazama dirishani. Roho iliniuma, sikufichi. Nilikuwa nalala kwenye kile kitanda kilichokatwa miguu, magoti yamefika kidevuni nikitaka kuamka, nikiwaza wanacheka nini saa hizi. Nikamkumbuka marehemu baba yangu aliyewahi kumfukuza muuza maziwa kwa sababu alikuwa na sauti nzuri, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa yule mzee.

Nikala njama. Nilikwenda kwa msimamizi wa nyumba ile, mama mnene mwenye funguo kiunoni, nikajitolea kuwanyoa wazee wake bure. Alinishika mikono yote miwili kwa furaha. Hakujua naingia na mashine yangu kama mpelelezi. Mtu akishafungwa kitambaa shingoni na kuinamishwa kichwa, husema. Sijui kwa nini. Nimeambiwa mambo kwenye kile kiti changu ambayo mapadri hawayajui.

Nikaweka kiti veranda ya nyuma. Nikanyoa mmoja, nikanyoa wa pili, wote wakaniambia habari za vidonda vyao vya tumbo. Mwisho likaja Breki, likakaa, kiti kikalia. Nikamfunga kitambaa, nikakaza kidogo kuliko ada.

"Punguza tu, Fundi," akasema. "Usinikate sana, hizi ndizo mali niliyobakiwa nayo."

"Usijali, mzee."

Nikatia kitana kwenye mashine, kile kinachozuia isile nywele mpaka ngozini, nikaanza kisogoni. Kazi ilikwenda vizuri. Nikanyamaza nimwache aseme, naye akasema.

"Huyu Kondakta wako, unajua alivyoletwa hapa? Chai imewekwa mbele yake, anaitazama tu. Mpaka imepoa. Nikamwuliza, wewe mama, na mikono nayo imevunjika? Akaniambia, hapana, nimezoea kupuliziwa." Tumbo likatikisika chini ya kitambaa. "Nikamwambia hapa hakuna mpulizaji, kunywa uungue. Akanitukana! Tusi zito, la wanaume wa gereji. Halafu akainua kikombe akanywa."

Mke wangu, katukana? Mashine ikawa inaunguruma hewani.

"Na mpulizaji alisema ni nani?"

"Siku ile hakusema. Baadaye sana ndiyo akaniambia." Breki akavuta pumzi. "Alisema, mume wangu ananipenda mpaka nachoka."

Nitakueleza nilichofanya na sitatia maji. Nilichomoa kitana. Nikakiweka mfukoni taratibu, mashine ikabaki na meno matupu. Nikaiweka kwenye paji la yule bwana, katikati kabisa, nikaisukuma hadi utosini. Nywele nyeupe zikaanguka magotini kwake fungu zima. Utamu nilioupata ulikuwa wa muda wa kupiga chafya, kisha nikaona nilichokifanya.

"Aa! Mashine imeteleza," nikasema.

Breki akapeleka mkono kichwani. Akapapasa. Akapapasa tena. Nikajiandaa kupigwa, na kwa mikono ile ningelala hapo hapo. Badala yake akaangua kicheko.

"Fundi, umenichongea barabara! Tena ya lami!" Akasimama na kitambaa shingoni, akaingia ukumbini kujitangaza. "Njooni muone barabara kuu! Magari yapite kushoto!"

Wazee wote wakatoka. Mwingine akamchora kwa kidole mahali pa kuweka taa za kuongozea magari. Msimamizi alicheka hadi akashika ukuta. Nimetaka kumfanya kituko, nimemfanya mfalme, na mimi nimesimama pale nimeshika mashine nimenywea.

Mke wangu alikuja mwisho, na mkongojo wake. Hakucheka. Alimtazama Breki kichwani, akanitazama mimi, akanitazama mkono, akatazama mfuko wa shati langu ambamo kitana kilikuwa kinachungulia.

"Fundi," akasema. "Njoo."

Nikamfuata chumbani kama mtoto aliyevunja glasi. Akakaa kitandani mwake. Kuna kitu kilinipita wakati ule, nikakigundua baadaye: alikaa mwenyewe, sikumshika.

"Mashine haijateleza," akasema.

"Imeteleza."

"Mwongo wee! Umewanyoa wanao wakiwa na surua, wanajikuna, wanalia, haikuteleza. Ulinyoa siku ulipokuwa na homa, unaona watu wawili wawili, haikuteleza. Leo iteleze kwa mzee aliyetulia? Umemfanyia makusudi. Kwa nini?"

"Kwa nini, unaniuliza kwa nini?" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kwa sababu nina wivu! Haya, nimesema. Nakuonea wivu na lile tumbo lako la lori. Anakuita Kondakta. Unamchekea. Mimi unanishukuru, yeye unamtukana!"

Mabega yakaanza kumcheza, nikadhani analia, kumbe anacheka, kiganja mdomoni. Akacheka mpaka machozi. Nikazidi kukasirika.

"Unanicheka?"

"Sikucheki. Nafurahi, mjinga wewe. Tangu nianguke hujanionea wivu hata mara moja. Yule kijana wa dawa wa kule hospitali alikuwa ananigeuza, ananikanda mapaja, wewe umesimama hapo unamuuliza dozi."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Ndiyo. Nilikuwa mgonjwa wako."

Nikakaa kwenye kitanda cha mwenzake wa chumba, aliyekuwa nje. Nikamwuliza lililokuwa likinikosesha usingizi siku zote. "Kuna nini kati yako na Breki?"

"Kuna karata," akasema. "Ananiibia. Anaficha jozi nzima chini ya lile tumbo, mchana kweupe, hana haya. Na mimi nakaa macho, nahesabu, nagombana naye, usiku nikilala nawaza kesho nitamkamata vipi. Wewe ulikuwa unaniachia nishinde. Ulidhani sioni? Karata nzuri unaitupa, unaniambia, aa, umenipiga tena mama. Nilikuwa nalia ukishatoka."

Hilo lilinichoma. Afadhali angeniambia wanapendana, ningejua la kufanya, ningempiga mtu au ningepigwa. Wizi wa karata utaupigania vipi? Nikamweleza vyuma vya bafuni, kitanda, kizingiti, mlezi mwenye mikono safi. Nikamwambia nyumba inamngoja. Nikamwambia, na hili lilinitoka bila kupangwa, kwamba mimi pia namngoja, na kwamba jioni naweka vikombe viwili halafu naondoa kimoja.

Akanishika mkono. "Jumamosi mwanao anakuja na gari," akasema. "Ukisema nirudi, nitarudi. Sitakubishia mbele yake, wewe ni mume wangu. Lakini nitarudi kulala, Fundi. Najijua." Akauachia mkono. "Sasa nenda kamalizie kichwa cha watu."

Nilikwenda. Hakuna cha kumalizia pale zaidi ya kukwangua chote, nikamnyoa Breki hadi kikang'aa, nikampaka spiriti polepole, nikamfuta kwa pamba. Radhi sikumwomba kwa mdomo. Mdomo uligoma.

"Nilijua haikuteleza," akasema kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama. "Ningekuwa mimi, ningekata sikio."

Mke wangu akapita, akatutazama wote wawili tumesimama jua linatupiga utosini. "Sasa mnafanana," akasema, akaenda zake. Nilikosa usingizi kwa neno lile.

Jumamosi binti yetu akaja. Aliegesha gari nje ya geti, akafungua buti, akalipanga vizuri kwa ajili ya mizigo ya mama yake, maana nilimwambia kwenye simu ajiandae. Nilikuwa nimevaa shati langu jeupe. Tukakaa veranda ya mbele sisi watatu, na msimamizi akatuletea chai.

Mke wangu hakuileta hoja yoyote. Alikaa na mikono juu ya mkongojo. Alikuwa amefunga nguo zake kwenye begi, begi liko miguuni kwake, na uso wake ulikuwa ule ule wa nyumbani, wa kushukuru. Nilikuwa nimeusahau. Niliutazama ukimrudia kidogo kidogo, macho yakilegea, kana kwamba usingizi umeanza kumshika hata kabla ya safari.

"Baba," binti yetu akasema, "tunasubiri neno lako."

Chai ya mke wangu ilikuwa mbele yake, inatoa moshi. Hakuigusa. Nikajua anangoja nini, na mkono wangu ukaenda wenyewe, haki ya nani, ukaenda mpaka kwenye sahani ya kikombe. Nikaurudisha nikaukalia.

"Kunywa uungue," nikasema.

Binti yetu akanikodolea macho. "Baba!"

"Na begi lirudishwe ndani. Mama yako anabaki." Nilisema kwa hasira, kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo. "Na yule mlezi aombwe radhi, nimemsumbua bure."

Mke wangu hakunishukuru. Aliinua kikombe, akanywa, akaungua kweli, akanitupia tusi dogo ambalo mwalimu wetu alijifanya hakulisikia.

Jioni msimamizi akapita akitikisa funguo, akatangaza kwa upole kwamba wageni waanze kuaga. Nikatafuta mgeni ni nani. Breki hakuinuka. Breki alikuwa mbele ya meza anachanganya karata, kipara kimeanza kuota manyoya meupe, ametulia kama mtu aliye kwake. Mimi mwenye mke ndiye niliyeinuka.

"Nakusindikiza," mke wangu akasema.

"Kaa, utachoka."

Akanitazama kwa namna iliyonifanya nisirudie neno hilo. Akasimama, akashika mbao ya ukumbini, kisha mkongojo, akashuka ngazi ya kwanza, akashuka ya pili, anapumua kwa nguvu, na mimi nyuma yake mikono imenyooka hewani bila kumgusa. Tukavuka uwanja. Binti yetu alikwisha kuwasha gari. Getini mke wangu akanipangusa bega, akaniweka sawa kola ya shati, akaniambia kama wanavyoambiwa wageni wote:

"Haya. Karibu tena."

"Kondakta!" jitu likaita kutoka veranda. "Zamu yako!"

Akageuka. Nikabaki nimeshika chuma cha geti nikimtazama mwanamke niliyembeba mgongoni kwenda chooni, anavuka uwanja ule kwa miguu yake, na alikuwa anaharakisha.